Kibali cha bwawa la kuogelea nyumbani Dar es Salaam: faili linapita wapi, linakwama wapi

Fundi atakuambia bwawa halihitaji kibali. Si nyumba, halina paa, liko ndani ya geti lako, nani atalijua? Usimfuate. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 haiangalii paa. Inaangalia uendelezaji wa ardhi, na humo imeingiza kazi za ujenzi na za kihandisi zinazofanyika juu ya ardhi au chini yake. Shimo la karibu mita mbili lililosukwa nondo na kumwagwa zege ni kazi ya kihandisi hata ukilizungushia maua. Na kuhusu nani atalijua: bwawa la mita 8 kwa 4 linatoa udongo unaozidi mita za ujazo 60, na udongo huo hautoki getini kwa ndoo. Tipa zikianza kupishana mtaani, mtendaji atapata habari kabla dereva hajalipwa safari ya pili.

Adhabu yenyewe kila mkazi wa Dar anaijua kwa macho: alama ya X nyekundu ukutani na neno SIMAMISHA au BOMOA. Kuifuta X ni ghali kuliko kuomba kibali.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba aliye chini ya Manispaa za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni, au chini ya Halmashauri ya Jiji, ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi 2021. Miji mingine ya Bara inafuata njia ileile kwa sehemu kubwa. Zanzibar ina sheria na mamlaka zake, kwa hiyo wa Unguja na Pemba wasiufuate huu.

Neno moja kabla ya hatua. Watu huandaa faili la bwawa kwa kufikiria vigae vya bluu, ngazi na taa za chini ya maji. Afisa wa mipango miji hana shida na vigae vyako. Mafaili ya mabwawa hukwama mahali pawili: kwenye karatasi za kiwanja, na kwenye maji. Yaani maji unayoyatoa bwawani unayapeleka wapi, na maji ambayo tayari yako chini ya ardhi yatalifanya nini bwawa lako. Ukijibu hayo mawili kwenye michoro kabla hujaulizwa, safari inakuwa fupi.

Hatua ya kwanza: isome hati

Itoe hati kabatini uisome, usiishie kuihesabu kurasa. Angalia jina. Kama bado ni la marehemu mzee wenu, faili haliendi popote mpaka mirathi ifunguliwe na msimamizi apatikane, na ndugu wote wanaojua kwamba nyumba ni ya familia wajue pia kwamba mnachimba. Kama nyumba iko benki kwa mkopo, hati halisi iko huko, na mkataba wa mkopo kwa kawaida unakutaka uwaarifu kabla ya kubadilisha chochote kwenye dhamana. Omba nakala yenye muhuri wao mapema. Benki hazikimbii.

Angalia matumizi yaliyoandikwa. Ikiwa ni makazi, bwawa la familia halibadilishi matumizi. Lakini ikiwa mpango wako wa kweli ni kulipisha watu kiingilio Jumapili, au kugeuza nyumba kuwa ya wageni, hiyo ni biashara. Itahitaji kubadilisha matumizi ya ardhi, leseni, na wakaguzi wengine kabisa. Usiombe kibali cha bwawa la nyumbani halafu ukabandika bango la bei getini. Jirani atakuchongea, tena atakuwa na haki.

Kisha kodi ya ardhi. Hapa watu wengi huchanganya: ile inayokatwa kwenye LUKU ni kodi ya majengo. Kodi ya pango la ardhi ni kitu kingine, inalipwa kila mwaka kwa kiwanja chenyewe, na LUKU haiigusi. Unaweza kuwa umenunua umeme miaka yote bila deni na bado ukadaiwa kodi ya ardhi ya miaka mitano. Lipa, tunza risiti, iweke kwenye faili.

Mwisho, tafuta kibali cha nyumba yenyewe. Bwawa linaombwa kama nyongeza kwenye kiwanja chenye jengo, na swali la kwanza la afisa litakuwa: hili jengo lililopo lilipewa kibali namba ngapi? Kama nyumba ilijengwa bila kibali, usijifanye haipo kwenye mchoro. Mbunifu apime jengo lilivyo, alichore, na uombe yote mawili. Utalipa zaidi, lakini utatoka na nyumba iliyo safi kisheria, na hiyo ina thamani kuliko bwawa.

Kwa aliye na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa peke yake, kwenye eneo ambalo halijapimwa: anzia kwenye urasimishaji na upimaji. Bwawa litasubiri.

Hatua ya pili: tafuta bikoni, halafu chagua mahali

Nimeona viwanja ambavyo ukuta wa fensi umesimama mita moja ndani ya barabara, na mwenyewe hajui, kwa sababu alinunua nyumba ikiwa na ukuta tayari. Mwite mpima ardhi akuonyeshe bikoni zote, yaani alama za mpaka zilizowekwa wakati wa upimaji. Michoro yako itapima umbali kutoka kwenye mpaka halali, wala si kutoka kwenye ukuta, na afisa akija na ramani ya upimaji, tofauti itaonekana papo hapo.

Ukishaujua mpaka, angalia vitu hivi kabla ya kuangalia mandhari.

Bahari, mto na ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingoni mwa mto. Wa Kunduchi, Mbezi Beach na Kigamboni wanalijua hili kwa upande wa bahari, lakini wengi husahau kwamba Mto Mbezi na Mto Tegeta nayo ni mito, hata kama kiangazi inaonekana kama mtaro wenye mchanga. Bomoabomoa ya bonde la Msimbazi ya Desemba 2015 iliwafuata watu kwa hoja za namna hiyohiyo. Kama kiwanja chako kimegusa mstari huo, usipoteze pesa kwa mbunifu. Nenda kwanza ukaulize manispaa na mamlaka ya taifa ya mazingira.

Shimo la choo. Sehemu kubwa ya Dar haina bomba la maji taka, kila nyumba ina chemba na shimo lake. Bwawa lisikae juu ya shimo wala karibu nalo, na hasa lisikae upande wa chini wa mteremko. Shimo lililopasuka linalowesha udongo, udongo unakaa laini, na bwawa linazama upande mmoja. Afisa afya ataliuliza hili kabla ya wote.

Ukuta wa jirani. Kanuni yangu ni nyepesi: kina cha shimo kisizidi umbali wake kutoka kwenye msingi wa karibu, wako au wa jirani. Ukichimba mita 1.8, kaa mita 1.8 au zaidi. Ukilazimika kusogea karibu zaidi, mhandisi aonyeshe kwenye mchoro udongo utazuiwa vipi wakati wa kuchimba. Kuta nyingi za fensi mjini hazina msingi wa maana, na mchanga wa pwani haushikani. Ukuta wa jirani ukianguka ndani ya shimo lako, kibali hakitakusaidia kumtazama usoni.

Nyaya na mabomba. Waya za TANESCO zisipite juu ya bwawa, na bomba la DAWASA lisipite chini yake. Hili halina mjadala.

Halmashauri pia ina viwango vya umbali kutoka mpakani na vya sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kujengwa, na vinatofautiana kulingana na ukubwa wa kiwanja na ujazo wa eneo, yaani nyumba zimesongamana kiasi gani. Nenda dirisha la mipango miji na namba ya kiwanja na kitalu, uombe viwango vya eneo lako kabla mchoro haujaanza. Ni bure kuuliza.

Hatua ya tatu: chimba shimo la majaribio

Hii haimo kwenye orodha ya viambatisho, na ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Kabla hujamlipa mtu kuchora, chimba shimo jembamba pale unapotaka bwawa, kina cha mita 2.5, liache wazi siku kadhaa likiwa limefunikwa kwa usalama, halafu pima maji yanasimama wapi. Fanya hivyo masika, kati ya Machi na Mei, maana ndipo maji ya chini yanapanda. Ukipima Septemba utapata jibu zuri lisilo la kweli.

Masaki imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Huko utapigana na kuchimba. Mikocheni na sehemu za chini za Mbezi Beach na Tegeta ni hadithi nyingine: unaweza kukuta maji hata kabla ya kufika mita moja na nusu. Na hapo ndipo bwawa linapoweza kuelea.

Watu hucheka wakisikia zege linaelea, basi tupige hesabu. Bwawa la ndani mita 8 kwa 4, kuta na sakafu za sentimita 20, kwa nje ni mita 8.4 kwa 4.4. Sakafu ina zege karibu mita za ujazo 7.4. Kuta zenye kimo cha mita 1.4 zina karibu 6.9. Jumla 14.3, na zege lenye nondo lina uzito wa tani 2.4 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo bwawa tupu lina tani 34 na kidogo. Sasa chukua maji ya ardhini yamepanda mita moja kutoka chini ya sakafu. Yanasukuma juu kwa 8.4 mara 4.4 mara 1, yaani karibu tani 37. Tani 37 zinasukuma, tani 34 zinakalia. Likiwa limejaa halina neno, kwa kuwa maji yake yenyewe ni karibu tani 45. Siku utakayolimwaga kulisafisha masika, linanyanyuka, mabomba yanakatika na sakafu inapasuka.

Mhandisi ana dawa zake: sakafu nene zaidi, ukingo wa zege unaotokeza nje ili udongo uukalie, valvu ya sakafuni inayoruhusu maji ya chini kuingia ndani badala ya kusukuma, au bwawa lenye kina kidogo lililoinuliwa juu ya uwanja. Lakini anahitaji namba ya shimo lako. Mpe tarehe, kina cha maji na picha, na aandike kwenye mchoro kwamba amelizingatia. Mhandisi wa manispaa akiona sentensi hiyo, maswali yake yanapungua nusu.

Hatua ya nne: ramani, na nani aigonge muhuri

Mchora ramani wa mtaani anaweza kukuchorea bwawa zuri kwenye kompyuta. Faili linataka michoro ya mbunifu majengo aliyesajiliwa AQRB, bodi ya wabunifu majengo, na ya mhandisi aliyesajiliwa ERB, bodi ya wahandisi, kwa upande wa nondo na zege. Bodi zote mbili zina orodha za wanachama wao mtandaoni. Tafuta jina la mtu wako humo kabla ya kulipa. Muhuri wa kuazima ni ugonjwa wa mji huu: kijana anachora, muhuri ni wa mtu asiyekijua hata kiwanja chako. Siku tatizo likitokea, mwenye muhuri atakana.

Michoro iwe na haya.

Ramani ya mahali kiwanja kilipo, na mpangilio wa kiwanja kizima: mipaka, nyumba, geti, shimo la choo, kisima kama kipo, tanki, miti mikubwa, na bwawa pamoja na umbali wake kutoka kwa kila kimoja. Mbunifu mvivu huchora bwawa peke yake kwenye karatasi nyeupe kama linaelea angani. Faili la namna hiyo hurudi.

Bwawa kutoka juu na mikato miwili, wa marefu na wa mapana, wenye kina cha kila sehemu. Kisha mchoro wa mhandisi: unene wa zege, ukubwa na nafasi za nondo, zege la daraja gani, na mahesabu yake.

Chumba cha pampu na chujio. Wengi hukisahau, halafu hukijenga baadaye ukutani kwa jirani, na pampu inaunguruma usiku kucha chini ya dirisha la mtu.

Njia ya maji machafu. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mabwawa mengi yanapolala. Chujio la mchanga linaoshwa kwa kurudisha maji nyuma, kama mara moja kwa wiki. Pampu ya kawaida ya nyumbani inayosukuma mita za ujazo 10 kwa saa, ikifanya hivyo dakika tano, inatoa lita zaidi ya 800 zenye uchafu na klorini. Fundi atakuambia uyaelekeze kwenye shimo la choo. Usikubali: klorini inaua vijidudu vinavyosaga uchafu humo, na shimo linajaa kabla ya wakati. Atakuambia basi uyatoboe yaende kwenye mtaro wa barabara. Mtaro huo ni wa mvua, barabara nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na maji yako yatatuama mbele ya geti la mtu mwingine. Jibu linalokubalika ni shimo la peke yake la kunyonya maji, lililojazwa mawe, mbali na choo na kisima, likiwa na ukubwa uliopigiwa hesabu. Kama ardhi yako haifyonzi kwa sababu maji yako juu, chora tanki la kupumzishia. Klorini ikishapungua yanamwagilia bustani polepole. Na kama mtaa wako una bomba la maji taka, wasiliana na DAWASA kwanza.

Uzio. Chora kizuizi kinachotenga bwawa na mlango wa nyumba, hata kama kiwanja chote kina ukuta. Ukuta wa fensi unazuia mtoto wa jirani. Mtoto wa kwako anatokea jikoni. Kimo cha mita 1.2, mianya kati ya vyuma isiyozidi sentimita 10, geti linalojifunga lenyewe na komeo lisilofikiwa na mtoto. Wateja hulalamika kwamba kinaharibu sura ya uwanja. Mimi huchora bila kuuliza.

Umeme. Taa za ndani ya maji ziwe za volti 12, saketi nzima ya pampu na taa iwe na swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30, na fundi umeme awe na leseni ya EWURA. Mstari mmoja kwenye mchoro unatosha, lakini uwepo.

Hatua ya tano: kuomba

Maombi ya vibali vya ujenzi yanapita kwenye Tausi, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI. Unafungua akaunti kwa namba yako ya NIDA, unachagua halmashauri, unajaza taarifa za kiwanja na kupandisha viambatisho: hati, risiti ya kodi ya ardhi, kitambulisho, kibali cha nyumba, michoro yote. Akaunti ifunguliwe kwa jina la mwenye hati. Kama umemtuma mbunifu, mpe barua ya uwakilishi, lakini namba ya simu inayopokea ujumbe iwe yako, la sivyo utakuwa mtu wa mwisho kujua faili lako limerudishwa.

Majina ya mafaili yaeleweke. "Scan0047" haimsaidii mtu. "Mchoro wa maji machafu, kiwanja 212" inamsaidia. Na hakikisha michoro inasomeka ikikuzwa. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono ni sababu tosha ya kurudishwa.

Ada inakuja na kumbukumbu namba ya malipo, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Unalipa benki au kwa simu, na jina linalotokea kabla ya kuthibitisha liwe la halmashauri. Mtu akikuomba utume ada kwenye namba yake binafsi "ili aiwahishe," ameshakuambia yeye ni nani. Mwisho wa mambo hutapata risiti, na bila risiti hujalipa.

Faili likishapokelewa linazunguka: mipango miji, ardhi, afya, uhandisi. Kila mmoja anaandika maoni yake, kisha linakwenda kwenye kikao. Ulizia ratiba ya kikao. Faili lililokamilika siku moja baada ya kikao linakaa mpaka kingine, hata liwe safi namna gani.

Hatua ya sita: maafisa wakija nyumbani

Watakuja kuona kiwanja. Uwepo mwenyewe, au awepo mbunifu, pamoja na michoro iliyochapishwa. Weka vigingi vinne na kamba uonyeshe bwawa litakaa wapi; kitendo hicho cha dakika kumi kinaokoa maneno mengi.

Mara nyingi mazungumzo huwa hivi. Afisa afya, mama wa makamo mwenye daftari, anatembea moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, anavipita vigingi bila hata kuvitazama, anasimama juu ya mfuniko wa chemba.

"Mzee, shimo ni hili?"

"Ndilo, mama."

"Linanyonywa mara ngapi?"

"Kila miezi mitatu."

Anaandika. Shimo linalojaa kila miezi mitatu linamwambia ardhi haifyonzi, kwa hiyo shimo lako la maji ya bwawa nalo halitafyonza, hata kama kwenye karatasi limechorwa vizuri. Ndiyo maana shimo la majaribio lina faida mara mbili. Ukimwambia, "Mama, tumepima Aprili, maji yalisimama mita moja na nusu, kwa hiyo tumechora tanki badala ya shimo," mazungumzo yanaisha hapo.

Atauliza pia kuhusu mbu, na si usumbufu. Mbu aenezaye dengue huzaliana kwenye maji safi yaliyotulia, na Dar ilipata mlipuko mkubwa mwaka 2019. Shimo lililochimbwa likaachwa wazi masika nzima kwa kukosa pesa ya zege ni kiota tosha. Mwambie pampu itazunguka kila siku, na kwamba hutachimba mpaka pesa ya zege iwepo. Halafu ufanye hivyo kweli.

Faili likirudi na maoni, jibu kila hoja kwa namba yake na uonyeshe mchoro gani umebadilika. Usipandishe seti mpya nzima bila maelezo ukitegemea wataona tofauti.

Hatua ya saba: kibali mkononi

Soma masharti yaliyo nyuma au chini ya kibali, hasa muda wa kuanza na wa kumaliza. Kibali kina mwisho, na kilichoisha ni sawa na kutokuwa nacho. Kabla ya kuchimba, peleka nakala serikali ya mtaa na umwonyeshe jirani wa pande zote. Simika bango la mradi lenye namba ya kibali, jina la mbunifu, mhandisi na mkandarasi aliyesajiliwa CRB, bodi ya makandarasi. Nakala nyingine ikae eneo la kazi ndani ya mfuko wa nailoni, maana mkaguzi haji kwa miadi.

Hatua ya ukaguzi usiyoruhusu ipitwe ni nondo kabla ya zege. Mhandisi wako aje, apime nafasi za nondo kwa tepu, aone mabomba yamepita mahali pake, asaini. Mwite na wa manispaa kwa maandishi. Fundi atakuharakisha kwa sababu mchanganyaji wa zege amekodiwa kwa siku na jua linazama. Mwache aharakishe wengine. Piga picha za nondo zikiwa na tepu juu yake. Zege likishamwagwa hakuna tena awezaye kuona ndani, na swali la miaka mitano baadaye litajibiwa kwa picha hizo.

Ukibadilisha chochote wakati wa ujenzi, kama kuongeza kina, kusogeza bwawa au kuongeza kibanda cha kubadilishia nguo, rudi kwa mbunifu na kwa halmashauri kabla ya kuendelea. Kibali ni cha kile kilichochorwa, si cha kiwanja kizima.

Kuhusu maji ya kujaza: lita 45,000 ni boza nne na nusu za lita 10,000. Wengi huamua kuchimba kisima. Kisima cha mashine kina utaratibu wake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na kwa Dar unakwenda Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Karibu na bahari, pima chumvi kabla hujaingiza maji hayo kwenye pampu na vyuma vipya.

Kazi ikiisha, omba ukaguzi wa mwisho na upate maandishi yake. Weka pamoja kibali, michoro iliyogongwa muhuri, risiti, picha za nondo na barua hiyo, nakala moja ndani ya nyumba na nyingine kwenye barua pepe yako. Mthamini wa benki akija, au mnunuzi, ataliona bwawa kwa macho yake. Atakachoomba ni karatasi.